Mjusi wa Kaka na Funza wa Mama

Mama yangu hapendi wadudu. Naanza na hilo ili watu waache kumcheka. Fundi viatu anayekaa chini ya ngazi zetu alimbandika jina la Mama Funza, mtaa mzima ukalidaka, na sasa hata vitoto visivyojua kufunga vifungo vya shati vinamwita hivyo. Yeye huitika tu. Anayekasirika ni mimi, kwa sababu aliyetuletea funza ndani ya nyumba ni mtu mwingine kabisa, na huyo hayupo hapa wa kuitwa jina lolote.

Mama amefanya kazi kwenye kiwanda cha unga tangu kabla hajaolewa. Yeye ni mchekechaji. Anasimama mbele ya chekeche kubwa linalotikisika, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, anatafuta kilichomo kisichotakiwa. Mdudu mmoja tu akionekana kwenye mfuko uliokwisha kushonwa, msimamizi anafoka mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na aliyekuwa zamu siku hiyo kibarua chake kinaota nyasi. Cha Mama hakijawahi kuota. Akiingiza mkono kwenye gunia anajua kama lina fukusi kabla hajamwona hata mmoja. Kama kuna binadamu aliyetangaza vita na wadudu wa unga, ni huyu. Halafu huyuhuyu akaja kuwafuga, akawakatia karoti, akawaamkia asubuhi. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Aliyetufikisha huko ni kaka yangu. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na katikati yetu hakuna mtu. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia kiwandani hapohapo. Alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baada ya hapo Mama akamfanya kaka kuwa mwanamume wa nyumba. Mwanamume wa nyumba mwenyewe hakuweza kuosha kikombe alichonywea. Akitaka viatu vya mpira, vinapatikana. Akitaka gitaa, linapatikana, linapigwa kidogo, linaegemezwa ukutani, mimi ndiye ninayelipangusa vumbi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Mama msemo huo anaujua vizuri, huwa anawaambia wanawake wenzake kazini kuhusu watoto wao.

Mwisho akataka mjusi. Si hawa mijusi kafiri wa ukutani. Huyu ni mnene, wa manjano, ana madoa meusi mwili mzima na mkia uliovimba katikati, maana huko ndiko anakoweka mafuta yake. Ana kope. Ukimsemesha anafumba macho polepole, kama mtu aliyechoshwa na habari zako. Kaka alimnunua kwa muuza samaki wa mapambo, pamoja na tangi la kioo, balbu ya kumpasha joto na kopo la funza wa unga. Kwa maana mjusi huyo hali majani, hali nyama, wala hali chochote kilichokwisha kufa. Anakula mdudu anayetembea, basi. Mimi nikampa jina la Bwana Mkubwa. Nyumba yetu sasa ilikuwa na mabwana wakubwa wawili, na wa kwenye kioo ndiye aliyekuwa na adabu.

Hatukukaa sana, kaka akapata kazi ya hotelini ng'ambo. Asubuhi ya safari teksi ilikuwa chini inapiga honi, fundi viatu anapiga kelele kwamba dereva ameziba njia, na kaka amesimama mlangoni na koti jipya.

"Mama, nitunzie huyu," akasema, akionyesha tangi. "Nikishapata pa kukaa, nakuja kumchukua. Usimpe mtu, eh?"

"Nimpe nani?" Mama akajibu. "Nenda baba. Utamkuta."

Begi lake nililishusha mimi mpaka kwenye teksi. Mimi hakuniachia kitu cha kutunza.

Maneno yale Mama aliyashika kama amana. Hakuwahi kunieleza, lakini nina macho: kichwani mwake, mjusi akiwa hai kaka ana kitu cha kurudia, na mjusi akifa kamba imekatika. Ndiyo maana alimwangalia mkia kila jioni akitoka kazini, kabla hajavua viatu, kabla hajaniuliza nimeshindaje. Mkia ukiwa mnene alikaa akapumua. Ukipungua kidogo tu, chakula cha nyumba nzima kilikuwa hakina chumvi.

Kopo la funza liliisha, na tulipokwenda kwa muuza samaki tukakuta amefunga duka amehama, hakuna anayejua alikokwenda. Walikuwa wamebaki wachache kwenye pumba. Wakajikunja, wakalala weupe, halafu wakaamka wakiwa mbawakawa weusi wanaokimbiakimbia. Mama alidhani wameharibika. Alikuwa ameshashika beseni kwenda kuwamwaga, akaghairi kwa uchungu wa pumba zake. Siku moja akaona nyuzi ndogo za rangi ya majani makavu zinajisogeza ndani ya pumba. Nikamsikia anaita kutoka chumbani, "Njoo uone! Kumbe wale ndio mbegu!" Alifurahi kama aliyejaliwa wajukuu.

Na chumba alichokuwemo ni changu. Mabeseni ya funza yaliwekwa chini ya kitanda changu, kwa sababu chumba changu ndicho chenye joto, kimepakana na jiko la jirani. Nililala juu ya funza kwa miaka. Wana sauti, watu hawajui hilo. Ukinyamaza unawasikia wanachakura, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko wa karatasi na hataki ujue.

"Mama, weka chumbani kwako," nikamwambia.

"Chumbani kwangu watapooza."

"Na mimi je?"

"Wewe una blanketi."

Nimeapa kueleza jinsi alivyowatunza, maana hata hasira yangu inakubali kwamba aliifanya kazi vizuri. Alinunua pumba za ngano kiwandani, akazikaanga kavu kwenye sufuria ili kuua fukusi waliomo, yaani aliua wadudu ili alishe wadudu. Maji hakuwapa hata tone, pumba zisiote ukungu. Walipata maji yao kwenye vipande vya karoti. Siku yake ya mapumziko alikaa kwenye kigoda na chujio, anatenganisha vinyesi vyao vilivyo laini kama mchanga, kisha anaokota mmojammoja wale waliolala na kuwahamishia beseni lao. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Ukiwachanganya wanatafunana," akasema. "Aliye macho anamla aliyelala."

"Kama humu ndani."

Alinitazama, akaendelea kuokota. Ili kumlisha Bwana Mkubwa alitumia kibano changu cha nyusi. Mimi ni msusi, kibano ni mkate wangu, lakini ukimwambia anakujibu kwamba kitaoshwa.

Kila asubuhi alisimama kwenye ngazi akikung'uta gauni, akipiga pindo kwa brashi, akigeuza viatu chini juu. Funza mmoja akidondoka kutoka kwenye nguo zake mbele ya chekeche, msimamizi asingeuliza swali la pili. Kazi ya maisha yake yote aliitia rehani kila siku kwa ajili ya tumbo la mjusi. Mimi nilikuwa sikung'uti vya kutosha. Siku moja pale saluni mteja alikuwa amejiinamia ninamfumua nywele, funza akatoka kwenye mkoba wangu akapita juu ya magazeti, mama wa watu akapiga ukelele akakimbilia barabarani na nusu ya kichwa imesimama. Hakurudi. Nilimweleza Mama huku nalia kwa hasira, na yeye akauliza, "Funza mwenyewe alikuwa mkubwa?"

Kaka naye alipiga simu akikumbuka. Sisi tulikatazwa kumpigia, eti anaweza kuwa kazini.

"Mama, mzima?"

"Mzima baba. Na yule wako mzima."

"Vizuri, vizuri. Haya Mama, mtandao unasumbua."

Mama akiweka simu chini, uso umemng'aa. "Ameuliza habari za mjusi."

"Hajauliza. Umemwambia wewe."

"Ni mamoja."

Si mamoja hata kidogo. Lakini ulimi wangu niliuzuia, na kuuzuia huko kuliniumiza meno.

Halafu ikaja baridi. Ile ya mwaka huo ilikuwa mbaya, hata jiko la jirani halikufua dafu, na funza wakazubaa. Walilala kwenye pumba kama njiti. Mama akimpelekea Bwana Mkubwa mmoja, haoni kitu kinachotembea, anafumba macho yake. Mama akahangaika, akazungukazunguka chumbani kwangu, mwisho akafungua sanduku la kaka.

Sanduku hilo lilikuwa msikiti na kanisa lake. Humo zilikaa nguo zote ambazo kaka hakuzibeba, zimekunjwa, na katikati ya mikunjo vimetiwa vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Vikiyeyuka anaweka vingine, ili mwenyewe akirudi asikute shimo hata kwenye soksi. Akatoa blanketi zito la kaka. Akayafunika mabeseni yote kwa pamoja, akalichomeka blanketi pembeni pote kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa, akaniambia nisiguse mpaka yeye mwenyewe aseme.

Nilirudi kutoka saluni chumba kinanuka vidonge mpaka macho yananiwasha. "Nimefungua sanduku," akasema, "itaisha." Nikafungua dirisha nikalala nimejikunja. Harufu haikuisha. Kilichokwisha ni ule mchakuro chini ya kitanda, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani wamelala kwa sababu ya joto.

Alipokuja kufunua, walikuwa wamekauka. Funza wamekuwa weusi na wagumu, mbawakawa wamegeuka miguu juu, hata wale weupe waliolala wamenywea. Vidonge vilikuwa vimebaki ndani ya mikunjo ya blanketi. Vingine vilikuwa vimedondoka kwenye pumba, vinang'aa kama peremende. Mama ni mtu wa unga, hakuhitaji kuambiwa. Alikiokota kidonge kimoja akakinusa, akakaa chini sakafuni.

"Nimewaua," akasema. "Nimewaua kwa blanketi la mwanangu."

Akachukua chekeche lake la mkono akapitisha beseni la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa anatafuta mmoja aliye hai. Alipitisha mpaka pumba zikawa vumbi. Nilimtazama mikono yake ikienda na kurudi, ileile ya kiwandani, na nilikasirika kiasi kwamba nilitoka nje. Nililikasirikia blanketi. Nilikasirikia vidonge, sanduku, na nguo za mtu mzima zinazotunzwa kama mayai.

Bwana Mkubwa akaanza kukonda. Mkia ukawa unapungua, ngozi imelegea pembeni. Mama akafunga kipande cha nyama kwenye uzi, akakichezesha mbele yake ili aone kinatembea. Mjusi akakitazama, akamtazama na yeye, akafumba macho. Akaleta fukusi kutoka kiwandani. Aliwafunga kwenye leso akawatoa mlangoni chini ya pua ya msimamizi, yeye ambaye hajawahi kuiba hata punje. Fukusi wale walikuwa wadogo mno. Mjusi alilamba mmoja, akageuka.

"Mpe panzi basi," nikamwambia.

"Kaka yako alikataza wadudu wa nje. Alisema wana sumu."

"Kaka yangu yuko wapi?"

Mama akatoka. Fundi viatu alimsikia akishuka ngazi akijisemea, akamwambia kwa utani, "Mama Funza, si umwache afe tu? Mjusi ni mjusi." Mama alisimama akamjibu kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, kwamba kiatu ni kiatu pia, mbona yeye anakishona badala ya kukitupa. Yule bwana akainamia sindano yake.

Hapo ndipo Mama alipoamua kupiga simu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana. Alinawa uso kwanza. Alikuwa na swali moja tu: yule muuza samaki alikuwa na ndugu, au rafiki, au mtu yeyote anayeweza kujua mbegu inapatikana wapi? Kaka ndiye aliyefahamiana naye. Nikabonyeza namba, nikaweka sauti ya nje, Mama akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Vipi mdogo wangu? Kuna nini, Mama mgonjwa?"

"Mama mzima, yuko hapa anakusikia. Funza wamekufa wote. Anataka kujua mbegu ataipata wapi."

"Funza? Funza gani?"

"Wa mjusi."

"Mjusi gani?"

Mama alikuwa ameshafungua mdomo aulize swali lake. Ukabaki wazi vilevile.

"Mjusi wako," nikasema. "Uliyemwacha."

Kikasikika kicheko, na nyuma yake muziki na watu wengine wanaocheka mambo yao. "Weee! Yule? Bado yupo? Mimi nilijua alishakufa zamani! Sasa Mama anahangaika naye wa nini? Mtupeni huko nje ajitafutie mwenyewe."

Mama akanyoosha mkono akaichukua simu kutoka kwangu. Akaisogeza mdomoni, ingawa sauti ilikuwa wazi na hakukuwa na haja.

"Samahani baba," akasema kwa upole. "Nimekosea namba."

"Mama? Mama, si ni mimi—"

Akakata.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiwekea maneno ya siku ya namna hii. Nilikuwa nayo mengi, yamekolea, na la kwanza lilikuwa "nilikwambia." Nikamtazama ameshika simu mapajani, vumbi la unga limemganda kwenye mistari ya viganja ambako haliondoki hata kwa sabuni, na maneno yote yakanigeukia shubiri mdomoni. Hasira haikuniisha. Ilihama tu, ikaenda yote upande mmoja.

"Usiseme kitu," akaniambia.

"Sijasema."

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kutafuta panzi."

Tukashuka, yeye mbele na chekeche mkononi, mimi nyuma na kopo. Fundi viatu alitaka kusema neno, akaona uso, akalimeza. Nyuma ya ukuta wa shule kuna uwanja wenye nyasi zisizokatwa, na panzi kwenye baridi ni wachache na wamejificha chini kabisa. Mama akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji, na gauni lake la Jumapili. Kila akifunika kwa chekeche panzi anaponyoka pembeni.

"Njoo hapa, mpumbavu wewe!" akapiga kelele. "Unaruka unakwenda wapi? Nani anakufukuza? Umekula, umeota mabawa, basi ndiyo umeruka! Hata kugeuza shingo hugeuzi!"

Watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama kutazama. Niliwaambia waende zao, kwa maneno ambayo hayaandikiki. Kisha nikapiga magoti na mimi. Yeye anafunika, mimi naingiza mkono chini na kukamata. Tuliendelea hivyo mpaka chini ya kopo kukaanza kusikika mateke ya kutosha, magoti yetu yakiwa meusi kwa tope, na Mama ametukana panzi wote wa uwanja ule na wazazi wao.

Nyumbani alikwenda kwenye tangi bila kunawa. Akamshika panzi mguu kwa kibano changu, akamshusha taratibu ndani ya kioo. Bwana Mkubwa akafungua macho. Mkia wake ukaanza kutikisika nchani, kama anavyofanya akiona kitu kinachomfaa.

Simu ikaita. Mama hakugeuka, kwa hiyo nikapokea mimi.

"Mama amekasirika au?" kaka akauliza. Muziki ulikuwa umezimwa. "Sikukumbuka tu bwana, kazi nyingi huku. Basi mwambie asijali. Nitamtumia hela anunue mjusi mwingine, mzuri kuliko huyo."

Nikamfikishia Mama kama nilivyoambiwa. "Anasema atakutumia hela ununue mjusi mwingine."

Mama alikuwa bado ameinama juu ya tangi, mkono wake umetulia, panzi anapiga teke hewani.

"Muulize," akasema, "na mwana mwingine anauzwa bei gani."

Nikamuuliza, neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Nikasubiri. Nilimsikia anavuta pumzi. Bwana Mkubwa akamrukia panzi akamtafuna kwa kelele, na Mama akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, nimpe mwingine.